Swali langu ni chura wa Kihansi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ungepewa nafasi ya kuweka swali moja tu la mazingira katika chemsha bongo ya shule za Tanzania, ungeuliza nini? Mimi nafundisha jiografia na huu ni mwaka wa tisa natunga maswali ya klabu ya mazingira shuleni kwetu, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Nianze na nisiloliweka. Siulizi ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Ukitamka tu "Ziwa lipi..." mikono kumi iko juu na mmoja ameshapayuka "Tanganyika!" Mita 1,470 wanazijua kama namba ya simu ya mama. Kilimanjaro na mita zake 5,895 ni hivyo hivyo. Sina ugomvi na maarifa hayo, ila ziwa tulilikuta. Hakuna waziri wala mhandisi aliyekaa kikao ili liwe na kina hicho. Chemsha bongo zetu zimejaa vitu tulivyojaliwa na Mungu, na yale tuliyoyaamua wenyewe hayaulizwi.

Niliwahi kujaribu la mifuko ya plastiki. Kadi yangu ilisema katazo lilianza 1 Juni 2019. Binti mmoja wa kidato cha pili, kwao Unguja, akasimama: "Mwalimu, kwetu ni 2006." Nikamjibu kwamba hapa tunazungumzia Tanzania. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani Unguja iko wapi, mwalimu?" Darasa liliangua kicheko mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Alama nilimpa, na kadi nikaiandika upya: Tanzania Bara. Lakini hata baada ya kusahihishwa, lile ni swali la tarehe, na tarehe ya Ijumaa ikifika Jumatatu imeshasahaulika.

Swali langu ni hili: "Mnyama gani wa Tanzania alitoweka porini, akalelewa Marekani, kisha akarudishwa nyumbani? Eleza kilichomtoa."

Mara ya kwanza nilipoliuliza walinyamaza wote. Kisha kijana wa nyuma akasema, "Si wale vyura waliopandishwa ndege?" Ndio hao. Chura wa Kihansi ni mdogo kuliko kidole gumba chako, ana rangi ya manjano ya dhahabu, na hatagi mayai kama vyura wengine: anazaa watoto walio tayari vyura. Duniani kote aliishi mahali pamoja tu, eneo la kama hekta mbili chini ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Maji yakianguka yalirusha rasharasha usiku na mchana, na humo kwenye majani yasiyokauka ndimo alimokuwa.

Sasa tazama miaka. Ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi, megawati 180, ulianza 1994. Chura akagunduliwa 1996. Yaani tulishaanza kujenga mradi wa kumhamishia maji kabla hatujajua kama yupo. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa ya maji ikachepushwa na rasharasha ikakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wawe akiba. Huku korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, ili kutengeneza kwa mashine kile ambacho mto ulikuwa ukikifanya bure. Na yalisaidia! Vyura waliongezeka wakawa maelfu. Halafu 2003 wakaanza kufa kwa kasi. Ugonjwa wa kuvu, ule unaoua vyura sehemu nyingi duniani, ulikutwa kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka uliofuata 100 walirudishwa, wakawekwa kwanza kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 wengine wakaachiwa korongoni kwao.

Hapo ndipo wanafunzi huanza kuuliza wenyewe, nami naweka kadi pembeni. Nani alitakiwa kuangalia korongo kabla ya kujenga? Inabidi niwaeleze kwamba Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilikuwapo tangu 1983, lakini kwa sheria ile kazi yake ilikuwa zaidi kushauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20, ndiyo iliyokuja kulipa meno na kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa lazima kwa miradi mikubwa. Ya mwaka gani? 2004. Chura alikuwa ameshaanza kupotea. Nikifundisha sheria hiyo peke yake, kuna anayelala. Nikiipitishia kwa chura, hakuna.

Najua wapo wanaokereka na habari hii. Hata chumba cha walimu niliwahi kuulizwa kama vyura hao wana pasipoti, na kwa nini pesa ziwaendee wao wakati kuna shule hazina madawati. Mimi pia zamani nilicheka. Siku hizi nawaletea wanafunzi hoja hiyo kama ilivyo, wabishane: umeme tuliuhitaji kweli, na chura naye hakuwa na kwingine pa kwenda. Mwaka jana msichana mmoja alisema angejenga bwawa vilevile, ila angeanza na kuhesabu vilivyomo bondeni. Mwenzake akamrukia: "Na ukikuta chura, utafanyaje?" Kengele ikalia kabla hajajibu, na kesho yake alinifuata asubuhi kabla ya paredi kuomba muda wa kufikiria zaidi.

Kadi hiyo naitunza kwenye boksi la viatu pamoja na nyingine. Maswali mengine yana alama mbili. Hili lina tano: akitaja chura, mbili; akieleza maji yalikwenda wapi, tatu.

Mwalimu wa jiografia, Morogoro