Kabla hujaeleza dili la Kuminga hewani

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nifanyeje na mimi niitwe redioni kuchambua NBA, ligi ya kikapu ya Marekani?" Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kujibu. Kituo kilichokuwa kikiniita hakijanipigia simu tangu Agosti 2025, na bado inaniuma.

Najua wewe unayesoma hapa unakitaka kiti kilekile, kwa hiyo nakueleza nilivyokipoteza.

Habari kubwa wakati ule ilikuwa Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma. Mkataba wake wa kwanza na Golden State Warriors ulikuwa umekwisha, lakini hakuwa huru moja kwa moja. Warriors walimwekea ofa ya mwaka mmoja ya karibu dola milioni 8, na ofa hiyo ndiyo iliyowapa haki ya kumbakiza kwa kulipa dau lolote atakalosaini kwingine. Sacramento Kings na Phoenix Suns walikuwa wakimtaka. Mtangazaji akaniuliza atahamaje. Nikajibu kwa sauti nzito: Kings watampa hati ya ofa, yaani mkataba wa klabu nyingine ambao klabu yake inaweza kuulipa na kumbakiza, atasaini, kisha Warriors watawapa Kings mchezaji huyo na kuchukua wengine.

Simu ya kwanza kuingia ilinivua nguo. Msikilizaji alisema taratibu kwamba nimechanganya njia mbili zisizokutana. Mchezaji akishasaini hati ya ofa, klabu yake inalipa dau lile au inamwacha aende bure. Ikilipa, kwa mwaka mzima haiwezi kumpeleka kwa timu iliyotoa ofa, na kwingine ni mpaka mwenyewe akubali. Mwaka 2022 Indiana Pacers walimpa Deandre Ayton dola milioni 133 kwa miaka minne, Phoenix wakalipa dau hilo, naye akaondoka 2023. Mimi haya niliyajua! Sikuwa nimeyapanga kichwani.

Dili la kusaini kisha kubadilishana hufanyika kabla hati ya ofa haijasainiwa, na lazima wote watatu wakubali: mchezaji, klabu yake na klabu inayompokea. Anasaini na klabu yake miaka mitatu au minne, papo hapo anahamishwa. Klabu inayompokea inafungiwa kiwango cha jumla ya mishahara isichoweza kukivuka msimu mzima. Msimu wa 2025/26 kilikuwa dola milioni 195.9.

Kilichomkwamisha Kuminga zaidi ni hesabu. Katika mabadilishano, mishahara inayotoka na inayoingia hupimwa pande zote mbili. Klabu iliyo juu ya kikomo cha mishahara cha ligi ikimpa mchezaji wa aina hii nyongeza inayozidi asilimia 20, kwa upande wake inahesabiwa nusu tu ya mshahara mpya, au ule wa zamani ukiwa mkubwa zaidi. Chukua mshahara wa milioni 22. Kings wanahesabiwa wamepokea 22, Warriors wametoa 11. Mizani hiyo utailinganishaje bila kuingiza timu ya tatu? Mwisho wa Septemba Kuminga alikubali kubaki, miaka miwili, dau likiweza kufika milioni 48.5.

Ndiyo maana nakusihi: usiseme "dili limekwisha" kabla mchezaji mwenyewe hajasema ndiyo. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Bogdan Bogdanović anatoka Sacramento kwenda Milwaukee. Dili likavunjika, akasaini hati ya ofa ya Atlanta, milioni 72 kwa miaka minne. Sacramento hawakulipa dau hilo na wakabaki mikono mitupu. Milwaukee nao walinyang'anywa chaguo la raundi ya pili, yaani zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi, kwa kuanza mazungumzo kabla ya muda unaoruhusiwa.

Soma kanuni, mdogo wangu. Soma tena usiku wa kuamkia kipindi, fanya hesabu kwa kalamu. Sauti nzuri haikuokoi simu zikifunguliwa.

Anza na Malcolm Brogdon, 2019, kutoka Milwaukee kwenda Indiana kwa milioni 85, chaguo moja la raundi ya kwanza na mawili ya raundi ya pili yakirudi Milwaukee. Niandikie kwa nini Milwaukee walikubali, wakati walikuwa na haki ya kumbakiza. Safari hii nitajibu siku hiyohiyo.