Dawa ya maumivu baada ya upasuaji wa mdomo sungura: fuata saa, usisubiri kilio

Mama mwenzetu wa Kasulu anauliza kama ni sawa kusubiri hadi mwanawe wa miezi 10, aliyeruhusiwa jana baada ya kurekebishwa mdomo sungura, alie ndipo ampe parasetamoli, kwa kuwa mama mkwe anahofia dawa nyingi zitamdhuru.

Dada yangu, usisubiri. Ganzi aliyochomwa wakati wa upasuaji huisha baada ya saa chache, na maumivu yakishapanda, huchukua muda mrefu kuyatuliza kuliko kuyazuia. Binti yangu, tulipomrudisha nyumbani Ujiji baada ya upasuaji kama huo, hakulia sana. Alikunja uso, akakakamaza miguu, na kila nilipompa ziwa aligeuza kichwa. Hayo ndiyo maumivu ya mtoto asiyejua kusema, na mtoto anayeumwa hanyonyi, asiponyonya hukaukiwa maji, na kidonda nacho huchelewa kupona.

Kiwango cha parasetamoli hufuata uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 8 hupata miligramu 120, yaani mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa kwanza, maana zipo zenye miligramu 250 kwa kila mililita 5, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha nyumbani. Mimi nilimpa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, tena muda mfupi kabla ya kunyonya, na mama mkwe wangu alipoona mtoto ananyonya hadi kushiba, yeye ndiye aliyeniamsha usiku. Kwa kipimo hicho, kwa siku ambazo daktari amepanga, dawa hii ni salama.

Ibuprofeni mpe tu kama daktari ameiandika. Aspirini na kodeini usimpe kabisa, hata muuza duka akisisitiza: ya kwanza yaweza kudhuru ini na ubongo wa mtoto, ya pili yaweza kumzuia kupumua.

Akiendelea kukataa kunyonya licha ya dawa, akipata homa, akitokwa damu isiyokoma au akipumua kwa shida, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.