Kusomea utangazaji wa michezo: jibu kwa dada wa Chake

Dada yangu, umeuliza hivi: kijana wako kamaliza kidato cha sita, ana prinsipo mbili, yaani kafaulu masomo makuu mawili, kashikilia akasomee utangazaji wa michezo chuo kikuu, na baba yake anataka aende ualimu. Unataka kujua kama hiyo ni kazi ya kusomewa au ni kipaji tu, na kama umnunulie kompyuta. Mie njia hiyo nimeipita, kutoka Wete hadi Unguja, basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Sifa za kuingia zisikuumize kichwa. Prinsipo mbili ndiko shahada inakoanzia. Akikosa nafasi anaweza kuanza na diploma, akatoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 akaomba shahada baadaye. Asichague kozi kwa jina tu. Mie cheti changu kimeandikwa mawasiliano ya umma, na katika miaka mitatu michezo ilikuwa mada ya muhula mmoja, tena wiki chache. Wenzetu Marekani wana vyuo kama Syracuse, ambako redio ya chuo, WAER, ipo hewani tangu 1947 na watu kama Bob Costas walianzia hapo. Sisi redio yetu ya chuo ilikuwa chumba kimoja chenye feni mbovu, na foleni ya kuingia humo ilikuwa ndefu kuliko ya boti ya Mkoani siku ya kuamkia Idi.

Sasa nikuhadithie siku niliyojua kuwa nilikuwa sijui.

Mwaka wa pili nilikwenda fildi, mafunzo ya kazini, katika redio moja ndogo. Mtangazaji wa mpira akaugua, nikaambiwa niende uwanja wa Gombani. Nilifurahi mno. Sauti ninayo, tangu skuli nilikuwa nikitangaza mechi za darasa kwa darasa huku nimeshika kibuyu. Nikafika dakika kumi kabla ya mpira kuanza, nikapewa orodha ya wachezaji iliyoandikwa kwa mkono, nikakaa. Mvua ya rasharasha. Fulana za timu moja ni za zamani, namba zimebanduka.

Dakika ya ishirini na kitu ikaja krosi kutoka kulia, kichwa, goli. Nikapaza sauti kama nilivyowasikia wakubwa wakifanya. Nikatazama mgongo: 3. Nikatazama orodha, nikamtaja mwenye 3, nikamsifu, nikarudia jina lake mara tatu. Safu mbili chini yangu palikuwa na mzee ana redio ya betri sikioni. Akasikiliza, akageuka mzimamzima: "We mwanangu, huyo siye! Kafunga 8, yule wa Kojani! Huyo wako yuko kule nyuma anafunga kamba ya kiatu!" Maikrofoni ikayapokea yote. Nane ilikuwa imebanduka upande mmoja ikabaki tatu. Kilichonikera zaidi si namba, ni kwamba sikujiuliza mwenye 3, beki wa kushoto, alifuata nini ndani ya boksi, wakati ile si kona wala frikiki. Hadi leo wapo Wete wanaoniita Namba Tatu.

Ndiyo maana nakwambia, watu wanadhani kazi hii ni sauti. Sauti ni ya tatu au ya nne. Kazi hii ni macho na karatasi. Tangu siku ile nafika uwanjani saa moja na nusu kabla. Namtafuta meneja wa timu anisomee majina kwa kinywa chake, maana jina lililoandikwa si jina linavyotamkwa. Nawatazama wanavyopasha misuli, naandika alama ambazo hazifutiki kwa mvua: viatu vya njano, mkono wa kushoto una bandeji, huyu anakimbia kifua mbele. Karatasi ni ngumu, ya boksi la biskuti, timu moja kushoto na nyingine kulia, kila mchezaji mahali pake anapocheza. Ukiweka majina kwa mpangilio wa uwanja, jicho halitafuti, linadondokea.

Darasani, kwa haki yake, nilipata mambo mawili matatu ambayo kiwanjani nisingeyapata. Mwalimu mmoja alitueleza habari za Red Barber, mtangazaji wa besiboli wa Marekani, aliyekuwa akiweka mezani kipima yai cha mchanga. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anakigeuza. Maana msikilizaji wa redio anaingia wakati wowote, yuko kwenye daladala au ndiyo kwanza katoka kusali, na la kwanza analotaka ni ngapi kwa ngapi. Mie kipima yai sina, nilichora visanduku pembeni ya karatasi, kila dakika mbili natia alama. Alitueleza pia kwamba BBC ilipotangaza mpira wa miguu mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United tarehe 22 Januari 1927, gazeti la Radio Times lilichapisha ramani ya uwanja yenye viboksi vya namba, na mtu wa pili alikuwa akitaja mpira uko kiboksi cha ngapi. Unaweza kucheka, lakini wasikilize watangazaji wetu wengi: dakika tano zinapita hujui mpira uko lango gani. "Anampa, anampa, anampaaa!" Anampa wapi?

Jambo la pili ni haki za matangazo. Kabla ya chuo nilidhani mtu akishika maikrofoni anatangaza mechi aitakayo. Kumbe mechi ni mali ya mtu. Azam TV walipotia saini na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, mwaka 2021 kuonyesha Ligi Kuu Bara kwa miaka kumi, mkataba ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 225.6. Kijana akilielewa hilo mapema anajua kazi ziko wapi, na atajua kwamba nyuma ya mtangazaji mmoja wapo wa kamera, wa sauti, wa marudio, wa takwimu. Mwenzangu wa darasa, sauti yake kama ya jogoo mwenye mafua, leo ni mtayarishaji na analipwa kunishinda.

Kuhusu lugha, huku nina kinyongo kidogo. Niliambiwa chuoni nipunguze Kipemba. Nikajitahidi, nikawa nazungumza kama nasoma barua ya mahakama, na kila mechi ni "mtanange" na "kandanda safi". Mwambie kijana asiutupe ulimi wake. Atamke vizuri, asikimbize maneno, basi. Wala asijifungie kwenye mpira pekee. Marehemu Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, mpira alitangaza, habari alisoma, muziki aliupiga, ndiyo maana Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam kote alipata kiti. Na hapa kwetu wote wanagombea mpira wa miguu, wakati mpira wa pete, judo na resi za ngalawa havina anayevijua vya kutosha kuvisimulia.

Pesa: mwanzoni ni posho, na posho yenyewe inachelewa. Kuna msimu nilitoka na deni la nauli. Baba yake akisema ualimu una mshahara wa mwezi hadi mwezi, hajakosea, na usimruhusu kijana ambishie kwa hilo.

Kama kweli anaipenda, aanze sasa, asisubiri barua ya chuo. Azime sauti ya televisheni, atangaze mwenyewe, arekodi kwa simu, asikilize kesho yake. Ya siku hiyo hiyo utayapenda, kesho yake utaona aibu. Mie bado nafanya. Agosti 2025 CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipokuja uwanja wa Amaan, Unguja, nilikata tiketi ya Sudan na Nigeria, nikakaa nanong'ona kwenye simu majina ya Wasudani niliyojifunza siku mbili. Goli la nne la Sudan jirani yangu akaniuliza kama nasoma dua, na kama naisoma kwa ajili ya Nigeria basi niache, haijibiwi.

Kompyuta usinunue sasa. Mnunulie kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati kinachoingia kwenye simu, na madaftari. Kompyuta mie nilinunua mwaka wa tatu, ya mtumba, pale Darajani, na hadi wakati huo kazi zote nilihariri kwenye mashine za chuo usiku wakati wenzangu wamelala. Na akipata likizo kabla ya kuondoka, Ijumaa alasiri nipo Gombani. Aje na kalamu ya risasi, ya wino mvua inaifuta.