Mwalimu wa Hesabu Anajibu: Kuitafuta x

*Mwalimu, mwanangu husema namba "ikivuka" alama ya usawa, ishara yake hugeuka. Nikimuuliza kwa nini, kimya. (Mama, Nyalenda)*

Usimlaumu, mama. Kafundishwa njia ya mkato kabla ya njia yenyewe. Hakuna namba inayovuka popote. Tuseme umenunua gorogoro 3 za omena pale Kibuye, ukalipa boda shilingi 50, jumla ikawa 800. Bei ya gorogoro moja ikiwa x, basi 3x + 50 = 800. Toa zile 50 za boda pande zote mbili: 3x = 750. Gawanya pande zote mbili kwa 3: x = 250. Hiyo 50 aliyoona "imegeuka" imetolewa kushoto na kulia kwa pamoja. Kushoto ikaisha, kulia ikabaki 800 − 50. Aiandike hatua hiyo mpaka aizoee, hata wenzake wakimcheka kwamba anakawia.

*5x − 7 = 2x + 11. Nianzie x ipi? (Mwanafunzi, Kondele)*

Ondoa iliyo ndogo, usije ukahangaika na hasi. Toa 2x pande zote: 3x − 7 = 11. Ongeza 7: 3x = 18, kwa hiyo x = 6. Sasa irudishe 6 kwenye swali: kushoto 30 − 7, kulia 12 + 11. Kote ni 23. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika, na bado wengi huuruka.

*12 − 2(x − 3) = 4. Napata 1, kitabu kinasema 7. (Ahero)*

Kitabu kiko sawa. Nadhani ulipofungua mabano uliandika 12 − 2x − 6. Ile −2 inazidisha kila kilichomo ndani, na −2 mara −3 ni +6. Hivyo 18 − 2x = 4, 2x = 14.

*Nimeanza na 4x + 5 = 4x, nikabaki na 5 = 0. (Kakamega)*

5 haiwezi kuwa 0, kwa hiyo hakuna x inayofaa. Andika "hakuna jibu".

*Chama chetu hupiga riba kwa R = MKT ÷ 100: mkopo, kiwango, miaka. Nitapataje miaka? (Mweka hazina, Nakuru)*

Herufi zisikutishe, ni namba zilizojificha. Zidisha pande zote kwa 100, kisha gawanya kwa MK: T = 100R ÷ MK. Mkopo wa 20,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka, riba ikiwa 3,000: 300,000 ÷ 200,000, yaani mwaka mmoja na nusu. Lakini kama riba yenu nayo huzaa riba, kanuni hii haiwafai.