Kinywa cha mama kimekauka na meno yanaoza kwa mpigo: apimwe sukari kabla hajang'olewa

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika kuhusu mama mara mbili kabla ya kujibu. Umesema ana miaka 54, yuko Buzuruga hapa Mwanza, meno yake yalikuwa mazima mpaka mwaka jana na sasa manne yameoza kwa mpigo. Usiku anaamka mara tatu kunywa maji, ulimi unagandia kwenye kaakaa, ugali haushuki bila mchuzi mwingi. Miguu inamuwaka moto na amepewa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu hayo ya miguu, ameze usiku. Alhamisi anakwenda kung'olewa yote manne. Waliochangia kabla yangu wamekwambia ni uzee, mwingine kasema mama hapigi mswaki vizuri. Naomba unisikilize, kwa sababu hayo unayoyasimulia yamenipitia mimi mwenyewe, na nimeshapoteza magego matatu kabla mtu yeyote hajauliza kwa nini mdomo wangu ni mkavu.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, tangu 2009. Mwaka 2017 ilinishika kiu ambayo sijawahi kuiona. Jua la pale ufukweni nimelizoea, hiyo haikuwa kiu ya jua. Nilikunywa maji, na kabla sijaweka chupa chini mdomo ulikuwa umeshakauka tena. Mate machache yaliyobaki yalikuwa mazito, yanavutika kama mlenda. Kitu kilichonishtua ni pesa. Sisi wafanyabiashara tunahesabu noti kwa kulowesha kidole ulimini. Siku moja nahesabu malipo ya magunia, napeleka kidole ulimini, kinatoka kikavu. Narudia, kikavu. Ikabidi niweke kikombe cha maji mezani ili nimalize hesabu.

Dawa niliyojipa ilikuwa soda. Moja asubuhi, mbili mchana, moja jioni, na katikati pipi ya kumung'unya ili mate yatoke. Leo nikikumbuka naumia. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30, na asidi yake ni kali kuliko ile inayotosha kuanza kuyeyusha jino. Kiu yangu ilitoka kwenye sukari iliyojaa damuni, nami nikaizima kwa sukari nyingine, huku meno hayana mate ya kuyakinga. Kama mama anatuliza kiu kwa soda au chai ya sukari, anza na hapo leo hii, usisubiri Alhamisi.

Jino la kwanza nililing'oa kwenye zahanati moja mtaani. Miezi miwili baadaye la pili, halafu la tatu, palepale. Kila mara ni sindano ya ganzi, koleo, pamba, nenda nyumbani. Hakuna aliyeniuliza napata haja ndogo mara ngapi usiku, wala kama kwetu kuna mwenye kisukari. Kidonda cha jino la tatu kilikaa wiki tano bila kufunga, kinatoa harufu, nikila nalia. Ndipo mteja wangu mmoja akanisukuma niende kwa daktari wa meno wa hospitali kubwa.

Yule daktari hakuanza na kidonda. Alinishusha mdomo wa chini akaangalia meno ya mbele, yale madogo manne. Yalikuwa yameanza kuoza shingoni, pale jino linapokutana na ufizi. Akaniambia, "Haya huoga mate kutwa nzima. Mtu anaweza kuwa na magego mabovu matupu na haya yakabaki. Yakianza kuoza haya, swali langu siyo mswaki, ni mate." Akanituma maabara muda uleule. Sukari ilikuwa 19.4 (milimoli kwa lita), na sikuwa nimekula.

Ngoja nieleze alichonifafanulia, maana ndipo penye majibu ya mama. Chini ya ulimi, upande wa ndani, kuna matundu madogo ya tezi za mate, yanamwaga karibu kabisa na hayo meno ya mbele. Ndiyo maana hata ugaga, ile chokaa ngumu ya njano, hukaa zaidi nyuma ya meno hayo: mate yamejaa madini. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu, moja mbele ya masikio, ya pili chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi, na kuna nyingine ndogondogo mamia zimetapakaa midomoni na mashavuni. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Kila ukila kitu cha sukari, vijidudu vya kwenye ukoga hutengeneza asidi, na kipimo cha pH (kinachoshuka kadiri asidi inavyokuwa kali) kikishuka chini ya 5.5 hivi, jino huanza kupoteza kalsiamu. Mate huja kuizimua ile asidi na kuirudisha kalsiamu mahali pake. Kazi hiyo inafanyika kila siku bila wewe kujua. Mate yakikauka, jino linapoteza kila mlo na halirudishiwi. Kwa hiyo meno yaliyodumu miaka hamsini yanaweza kuisha ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mswaki unapigwa vilevile.

Watu hapa Mwaloni huniambia, "Wewe unakula dagaa na miiba yake, meno yako yatakosaje kalsiamu?" Dagaa ni chakula kizuri na nitakisifia mpaka kesho, lakini jino likishaota, kalsiamu uliyokula haiingii ndani yake kutokea tumboni. Linalindwa kutoka nje, na mate.

Sasa kwa nini sukari ikaushe mate? Insulini ni homoni, yaani kemikali ya mwili, inayoitoa sukari damuni na kuiingiza mwilini itumike. Ikipungua, au mwili ukiikataa, sukari inabaki damuni, figo zinaitoa kwa mkojo, na mkojo unaondoka na maji ya mwili. Tezi za mate zinakosa maji ya kutengenezea. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyonifumbua macho zaidi: mate yanaamrishwa na neva, zile nyuzi zinazopeleka ujumbe mwilini. Ukisikia harufu ya sato anakaangwa, mdomo unajaa kabla hujaonja, hizo ni neva. Ukiogopa, kwa mfano umesimama mbele ya hakimu, mdomo unakauka na mate yanakuwa mazito, hizo pia ni neva, za upande mwingine. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva, na hakichagui. Kilekile kinachowasha moto nyayo kinaweza kufika kwenye neva zinazoendesha tezi, moyo na tumbo. Uliposema mama miguu inamuwaka na mdomo umekauka, mimi niliunganisha mara moja. Siwezi kusema ana kisukari kwa kusoma tu, ila huyo ni mtu wa kupimwa.

Halafu kuna hiyo amitriptilini. Nami nilipewa kwa ajili ya miguu. Inasaidia kweli, nililala usiku wa kwanza kama mtoto. Lakini inazuia ujumbe wa neva usifike kwenye tezi za mate, na kwangu wiki ile ya kwanza ulimi uligeuka ubao. Dawa nyingi hufanya hivyo, zikiwemo baadhi ya dawa za mzio na za magonjwa ya akili. Ndiyo sababu sikubaliani na aliyesema ni uzee. Wazee wengi ni wakavu mdomoni kwa sababu ya maradhi na dawa wanazomeza, umri peke yake hauwezi kubeba lawama yote. Tafadhali mama asiiache dawa ghafla kwa sababu nimeandika mimi. Mwambieni daktari aliyemwandikia: mdomo umekauka na meno yanaoza. Mimi walinipunguzia dozi, baadaye wakanibadilishia.

Na nisikufiche upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu tumeuona nyumbani kwetu. Baba yangu, huko Ukerewe, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, huo wanaouita Parkinson. Yeye shida yake ilikuwa udenda. Kola ya shati imelowa, mto umelowa, akiongea na wageni anageuza uso. Majirani walisema amechezewa. Sisi watoto tukaamini tezi zake zinatoa mate kupita kiasi, tukawa tunamfuta na kumhurumia, basi. Kumbe mate yake yalikuwa ya kawaida. Mtu mzima humeza mate kila baada ya muda mfupi bila kufikiri, na neva za baba zilikuwa zimesahau kumeza. Mate yanajikusanya, kichwa kimeinama, yanamwagika. Tulipoelekezwa tumkalishe wima na tumkumbushe, "Baba, meza," kila baada ya sentensi mbili tatu, shati lilianza kukaa kavu hata saa nzima. Ila hayo mate hayakuwa kinga kwake, maana yaliishia kifuani badala ya kuzunguka kwenye meno, na mkono unaotetemeka haushiki mswaki. Nilikata mshikio wa raba wa usukani wa baiskeli nikauvika kwenye mpini wa mswaki wake ili aweze kuukamata. Vidole viliposhindwa kabisa nilimpigisha mswaki mwenyewe, nimesimama nyuma ya kiti, kichwa chake kimeegemea tumboni kwangu. Alifariki na meno yake kumi na tisa, na hilo linanifariji.

Dada aliyeuliza hapo juu kuhusu fizi kuvuja damu tangu apate ujauzito: hiyo nayo ni homoni. Zinapopanda, fizi huvimba haraka hata kwa ukoga kidogo. Usiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Mtoto hanyonyi kalsiamu kutoka kwenye meno yako. Ukitapika, sukutua kwa maji yenye baking soda kidogo, ile ya kuokea, usubiri nusu saa ndipo upige mswaki, la sivyo unaisugua asidi kwenye jino. Na yule wa Nyegezi ambaye mtoto wake ana miaka tisa na hajapata hata jino moja la ukubwani, ampeleke hospitali, mojawapo ya mambo ya kuangalia ni homoni ya tezi ya shingo. Ikiwa chini kwa mtoto, meno huchelewa kuota.

Turudi kwa mama. Kupima sukari ni tone la damu kidoleni na dakika chache. Kabla ya kula asubuhi, kuanzia milimoli 7.0 kwa lita ni kisukari, ingawa mara nyingi hurudiwa siku nyingine kuthibitisha kama mtu hana dalili. Ikiwa sukari iko juu sana, kidonda cha jino kinaweza kuwa kama changu, na manne kwa pamoja ni vidonda vinne. Daktari wa meno mwenyewe atapenda kujua kabla ya kushika koleo. Isipokuwa kama kuna uvimbe wa taya, homa au usaha, hapo usisubiri kitu, mpeleke siku hiyohiyo na useme kote kuwa sukari haijajulikana. Kwa hapa Mwanza, hospitali za Bugando na Sekou Toure kuna idara za meno na vipimo vya damu ndani ya uzio mmoja, hutahangaika kuzunguka mji.

Mimi ninavyoishi sasa: chupa ya maji pembeni, mafunda madogo kutwa nzima. Dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku, nikimaliza natema tu, sisukutui, ili ibaki ikifanya kazi. Mswaki wa mwarobaini naupenda na bado nautumia mchana, lakini hauna floraidi ya kutosha, kwa hiyo haukai nafasi ya ile ya usiku. Natafuna bazoka isiyo na sukari nikiwa sokoni. Ulimi ukianza kuwaka na kuota utando mweupe naenda hospitali, ni fangasi, wanapenda kinywa kikavu chenye sukari. Meno yangu ya mbele ya chini yalizibwa yote manne na bado ninayo.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hajanywa chai, mpeleke mama akapimwe. Chukua na dawa zote anazomeza, hata za presha, weka kwenye mfuko mmoja umwoneshe daktari wa meno hiyo Alhamisi, na mwombe aangalie yale manne ya mbele ya chini kabla hajachagua ya kung'oa. Kesho usiku nikishafunga hesabu nitaingia humu. Niandikie namba iliyotoka.