Oveni ya kabati inazima katikati ya kuoka
Pole dada, unaposema oveni inazima ikishapata moto halafu ikipoa inawaka tena, na vitufe vya juu vinaunguza vidole, mi naona feni ya kupoozea ndo imegoma. Sio ile ya ndani nyuma inayosambaza joto, hii imejificha juu chini ya bati, kazi yake kutoa joto lisiivishe waya na bodi (kile kibao cha saketi kinachoendesha oveni).

Zima swichi kubwa ya ukutani sio kitufe tu, iache ipoe kabisa, fungua mlango utoe skrubu za pembeni, muivute wawili maana ni nzito, kisha fungua bati la juu. Zungusha feni kwa kidole. Ikiwa ngumu mara nyingi ni mafuta yaliyogandana na vumbi, safisha na brashi kavu. Ikizunguka laini basi shida iko kwenye mota, thamostati (kidhibiti joto) au bodi, hapo muite fundi umeme apime kama volti 230 zinafika kwenye mota, zikifika na haizunguki mota imekufa. Usipime mwenyewe aisee.

Cheki pia kabati lina upenyo wa hewa nyuma, maseremala wengi wanaziba tu. Na ukisikia harufu ya plastiki usioke tena mpaka itengenezwe. Ila feni kuendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzima ni kawaida.