Mgonjwa wangu ameniuliza kuhusu shule

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni daktari kijana. Nina mgonjwa, binti wa miaka 15 mwenye kisukari aina ya kwanza. Kila akiruhusiwa, baada ya muda mfupi anarudishwa sukari imepanda, anatapika na kuhema. Insulini anayo, na kujichoma anajua. Juzi aliniuliza kama naona kuna haja ya yeye kuendelea na shule. Wenzangu wanasema hayo ni ya wazazi, mimi nitibu tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Wazazi wapo, lakini aliyeulizwa ni wewe, na swali lake la shule huenda ndilo linaloeleza sukari yake. Pengine anaruka sindano kwa kuona haya mbele ya wenzake, au nyumbani hakukaliki. Wengine huziruka wakiogopa kunenepa, na hawasemi usipouliza. Ukiongeza dozi kabla ya kujua, siku atakapojichoma zote sukari itashuka ghafla, na hiyo nayo inaua.

Muone peke yake. Mwombe mzazi kwa adabu asubiri nje, umweleze kuwa ndivyo unavyofanya kwa wote wa rika hilo. Kisha mwambie binti: "Utakayonieleza yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, au kuna mtu anakuumiza. Hapo nitamhusisha mtu mwingine, ila wewe utajua kwanza." Nakusihi, usimwahidi siri isiyo na mpaka. Ukija kuivunja, hatamwamini tena daktari yeyote.

Fuata mpangilio wa maswali kwa vijana ambao madaktari Goldenring na Cohen waliuandikia makala mwaka 1988: nyumbani, shule, anavyotumia muda wake, vileo, mapenzi, mwisho huzuni na kutamani kufa. Hilo la mwisho liulize waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Kuhusu shule, usikimbilie kumhimiza asome. Muulize kuna nini huko. Kama ni sindano, omba ridhaa yake uzungumze na mwalimu mmoja anayemwamini, apatiwe mahali pa faragha pa kujichoma.

Mipaka nayo ipo: usimpe fedha, usichati naye usiku. Mambo ya nyumbani yakikuzidi, mkabidhi kwa afisa ustawi wa jamii, ana kwa ana, binti akiwepo. Na umpangie tarehe ya kurudi kwako hata sukari ikiwa imetulia, asije akadhani unamtaka akiwa mahututi tu.